Papai la Nyenje

Mtu huyu aliitwa Baba Nyenje, na kabla hujacheka elewa kwamba alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake katika bustani ya wanyama ilikuwa kufuga wadudu wa kulishia wanyama wengine. Simba hawakumhusu. Tembo hakumhusu, wakikutana kwenye kijia tembo akipelekwa kuoga, kila mmoja alishika upande wake na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Yeye alikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya vyura, chumba chenye joto la kuivisha ndizi, masanduku ya plastiki yamepangwa mpaka karibu na dari, na ndani ya masanduku hayo nyenje, wale wadudu wa miguu mirefu wanaolia majanini kri kri kri mpaka mtu asahau alichotaka kusema.

Wageni wa bustani hawakufika huko. Na aliyefika kwa kupotea njia alijuta, maana Baba Nyenje hakuwa mtu wa kujibu swali kwa neno moja. Angekushika mkono akuonyeshe mayai yaliyotagwa kwenye unga wa mbao uliolowa, akuonyeshe wachanga wasiozidi kichwa cha sindano, akuonyeshe waliokomaa juzi wakaota mabawa, kisha akusimulie tabia za kila sanduku. Hili la juu wana fujo. Hili la dirishani ni wavivu lakini wana afya. Hawa hapa, alikuwa akisema huku sauti ikimshuka, hawa ni watulivu, hawa wamenifuata mimi. Alisema hivyo bila kutabasamu.

Zamani walaji walikuwa wengi. Kulikuwa na mijusi, kulikuwa na vinyonga, kulikuwa na ndege mmoja mwenye mdomo mrefu aliyekula mpaka akawa anashindwa kuruka. Nyenje walitoka chumbani kwa ndoo. Kisha mijusi na vinyonga wakahamishiwa kwingine, ndege wakaanza kuletewa chakula kikavu cha magunia, na chumba kikabaki na wafugwa wengi na walaji hakuna. Meneja wa bustani, mtu wa shati lisilokunjamana na simu mbili, alikuwa ameshakipima chumba kile kwa macho. Alitaka kufungua duka la kofia na fulana zenye picha ya simba.

"Mzee," alimwuliza siku moja akiwa mlangoni, maana kuingia ndani aliogopa kurukiwa, "hawa wadudu wako siku hizi wanamlisha nani?"

Baba Nyenje alisema kuna mipango. Mipango yenyewe hakuwa nayo. Aliingia ndani akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo, na roho ilimuuma kweli kweli.

Hapo ndipo walipoletwa vyura. Walikamatwa uwanja wa ndege ndani ya begi la msafiri aliyewaficha kwenye soksi zilizolowa. Msafiri alipoulizwa ni vyura gani na wametoka wapi, alisema hajui, na soksi pia si zake. Walikuwa vyura wa miti, wadogo, mmoja hafiki urefu wa kidole gumba, rangi ya majani makavu, pua butu iliyokatika ghafla, na macho ya mtu anayesikiliza kesi isiyomhusu. Wakagawanywa. Nusu walibaki hapo na nusu wakapelekwa bustani ya pili, mji wa jirani, ili ugonjwa ukiingia usizoe wote kwa mpigo.

"Watakula nini?" Meneja akauliza.

"Meneja, chura anakula nini?" Baba Nyenje alijibu kwa upole ule wa kumjibu mtoto. "Anakula kinachotembea."

Meneja akaikunja futi aliyokuja nayo kupimia chumba, akairudisha mfukoni. Chumba kikapona. Tangu siku hiyo Baba Nyenje aliwapenda vyura wale kwa shukrani kabisa, akawa anawasalimu asubuhi kabla ya kuwasalimu binadamu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana mambo yote yalianzia kwenye papai. Nyenje mwenye njaa hana adabu. Ukimfungia na chura, chura akasinzia, nyenje atamtafuna vidole bila hata kuona haya. Kwa hiyo Baba Nyenje alikuwa na utaratibu wake wa miaka na miaka: kila akitia nyenje kwenye sanduku la kioo, anatia na kipande cha papai lililoiva, ili nyenje washughulike na papai wawaache wenye nyumba. Hilo aliliita papai la nyenje. Wafagiaji wote wa nyumba ya vyura walilijua kwa jina hilo, na walijua kwamba si la vyura. Mfagiaji mgeni aliyewahi kusema "papai la vyura" alisahihishwa kwa muda mrefu mpaka akaomba ahamishiwe kwa nyani.

Kila asubuhi Baba Nyenje alikuta ganda la papai tupu, nyenje wamebaki wachache, na vyura wamenenepa. Angefikiri nini? Akafikiri ambacho wewe na mimi tungefikiri. Akaongeza nyenje. Nao wakapungua. Akaongeza tena. Wakapungua tena, na yeye akawa anatembea bustanini kifua mbele, akimwambia kila aliyesimama kwamba hajapata kuona vyura wenye kuthamini nyenje kama hawa.

Bustani ya pili mambo yalikuwa mengine. Mtunzaji wa kule alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Dada Usafi, na hawakumsingizia. Sakafu ya chumba chake ungeweza kulalia. Alipiga simu karibu kila siku.

"Shikamoo mzee. Wako wamekula?"

"Marahaba, dada. Wamefagia. Wako je?"

"Wangu wanawatazama tu. Nyenje anapita, chura anamtazama. Anapita tena, anamtazama tena."

"Wape muda. Wana uchovu wa soksi."

"Na lile papai ulilosema?"

"Lile si lazima," alisema Baba Nyenje, na hii kauli ishike, maana ilikuja kumrudi. "Lile ni la nyenje tu. Kama unaogopa siafu, acha. Wewe watoe nyenje waliobaki kila jioni, inatosha."

Dada Usafi aliogopa siafu kuliko kitu chochote duniani, kwa hiyo papai hakutia. Wala hakuwa na sababu ya kutia. Aliyemwambia si mtu wa kubahatisha, ni Baba Nyenje mwenyewe.

Nyumbani, mke wa Baba Nyenje alikuwa fundi wa nguo, na mumewe alimwita Fundi kama wateja walivyomwita. Cherehani yake ilikaa sebuleni mbele ya dirisha. Hawakujaliwa mtoto. Walizunguka hospitali mpaka wakachoka, kisha wakaacha kulizungumza, kila mmoja akidhani mwenzake ameshapoa. Na kwa kuwa kila mtu mtaani ni baba wa fulani au mama wa fulani, asiye na fulani wake anatafutiwa. Kazini walimwita Baba Nyenje, jina likapanda basi pamoja naye, likashuka kituoni, likamtangulia mpaka mlangoni. Mama Nyenje, suruali yangu tayari? Mama Nyenje, hii zipu haipandi. Mama Nyenje, jamani, utatuaibisha, shughuli ni Jumamosi! Fundi aliitika. Mumewe alimsikia akiitika, akadhani mambo ni shwari.

Basi msimu huo nyumba yao ikaanza kulia kri kri. Kwanza kabatini, halafu nyuma ya ndoo za maji, halafu ndani ya cherehani yenyewe. Baba Nyenje alisikia, akafurahi kimya kimya, akadhani ni wa majanini wameingia kwa baridi. Fundi hakufurahi. Alikuwa amepokea kazi kubwa ya sare za wauguzi, nyeupe zote, amezishona, amezitia wanga kwenye kola ili zisimame, amezipiga pasi na kuzitundika. Nyenje wanapenda wanga. Asubuhi moja alikwenda kuzihesabu akakuta kola moja imeliwa pembeni. Ya pili imeliwa katikati. Ya tatu imebaki nyuzi. Akazipitia zote mpaka mwisho, kisha akakaa kitini akashika tama.

Alipomaliza kushika tama, alisimama akatafuta kopo la maziwa la kifuniko, akaanza kuwakamata. Akawakamata wa kabatini, akawakamata wa nyuma ya ndoo, akafungua cherehani akawatoa kwa kibano mmoja mmoja. Kopo likajaa. Akavaa gauni lake la kutokea, akapanda basi, kopo mapajani, nalo likiimba njia nzima.

Mlinzi wa lango alimwona kwa mbali akaangua kicheko cha furaha. Alikuwa mtu wa utani, hana ubaya wowote, na ndiyo shida ya watu wa aina hiyo.

"Aa, Mama Nyenje! Karibu sana! Leo umekuja kuwaona wanao?"

Fundi alimtazama. Alipita akaenda moja kwa moja nyumba ya vyura, akaambiwa mumewe ameenda stoo kuchukua pumba, akakaa kwenye benchi mbele ya sanduku la kioo, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akatazama.

Baba Nyenje alirudi na gunia begani, akashtuka.

"Fundi! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Kola."

"Kola gani?"

"Za sare za wauguzi. Zote. Nimekuletea waliozila."

Akampa kopo. Baba Nyenje akalifungua kidogo, akachungulia, na Mungu amsamehe, uso ulimchangamka.

"Hawa ni wa sanduku la dirishani! Wamefikaje kwetu?"

Fundi akanyoosha kidole. Koti la mumewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake wa siku zote, nyuma ya sanduku la vyura, chini kidogo ya wavu wa kupitishia hewa. Pembeni mwa wavu palikuwa na tundu la kupita kidole. Nyenje mmoja alikuwa anatoka tunduni wakati huo huo, bila haraka, akashuka kwenye ukosi wa koti, akaingia mfukoni, kulikokuwa na makombo ya mkate. Walimtazama wote wawili mpaka alipomaliza kuingia.

"Sawa," alisema Baba Nyenje. "Mmoja mmoja wanatoroka. Lakini wengi wanaliwa."

"Hawaliwi."

"Wanaliwa sana."

"Nimekaa hapa nimewaangalia, mwenzangu. Nyenje amepanda juu ya kichwa cha chura, amesimama pale, amejisafisha masharubu, ameshuka. Chura hata hakushughulika naye. Alikuwa anakula papai."

"Chura hali papai. Analamba maji yake."

"Amelisukuma mdomoni kwa mikono miwili kama mtu anayeshindilia nguo kwenye sanduku. Maji hayasukumwi."

"Fundi, kazi hii nimeifanya tangu ujana. Usije ukawasingizia nyenje wangu."

Hapo ndipo jipu lilipopasuka. Fundi hakupaza sauti. Alisimama, akajinyoosha gauni.

"Nyenje wako. Umewahi kuniuliza, nikiitwa Mama Nyenje, najisikiaje?"

Baba Nyenje alifungua mdomo. "Nilidhani umelizoea."

"Nimezoea kuitika. Nimemwita daktari, nimemwita Mungu, nimeita kila anayeitika, sikupata wa kuniita mama. Watu wakanitafutia mdudu. Nikasema haya, ni utani. Wewe ulipata chumba kizima cha kulea, ukanisahau nje. Na sasa wamenifuata nyumbani wanakula kazi ya mikono yangu." Akachukua mkoba wake. "Inaniuma. Basi, nimesema. Kopo nirudishie jioni, ndilo la kuwekea sukari."

Akaondoka. Baba Nyenje akabaki na kopo mkononi na gunia la pumba miguuni. Maneno yalikuwa yamemwingia, lakini hakujua pa kuyaweka, na kabla hajajua, simu ikaita.

"Mzee," alisema Dada Usafi, na safari hii hakuanza na shikamoo. "Mmoja amekufa. Nimemkuta chini, mwepesi, mifupa mitupu."

Neno "wape muda" lilimjia mdomoni, akalimeza. Akamwambia pole. Akamwambia atampigia.

Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa na jambo moja muda mrefu mno. Alichofanya baadaye alikifanya akiwa na nia ya kumwonyesha mkewe kwamba amekosea: akaziba tundu la wavu kwa waya, akahamisha koti, akatia nyenje wa kutosha, na papai hakutia. Kesho yake asubuhi nyenje walikuwepo wote. Walikuwa wengi kiasi kwamba vyura walionekana kama wapangaji. Akasema labda wameshiba. Siku iliyofuata vyura walikuwa wameshikamana na kioo, matumbo yameingia ndani, wote wanamtazama yeye. Akasema labda hali ya hewa. Iliyofuata, mmoja alikuwa ameshuka chini amelala ubavu.

Baba Nyenje alikata papai upesi. Hajakiweka kipande vizuri, vyura walikuwa wameshatoka kwenye majani. Walikula mbele yake bila aibu, wanasukuma kwa mikono miwili kama alivyosema Fundi, nyama ya papai imewapaka mpaka kwenye paji la uso, mbegu moja imeganda mgongoni mwa mmoja wao akawa anatembea nayo. Aliyelala ubavu akajikokota, naye akala. Chura mmoja, haki yake nimpe, alimmeza nyenje aliyempita mdomoni, kisha akarudi kwenye papai haraka kama mtu aliyekatizwa na simu.

Loh! Alikaa kwenye benchi lile lile alilokaa mkewe. Akaelewa kila kitu kwa pamoja, na kilikuwa kizito. Nyenje hawakuliwa, walihamia kwake. Papai ndilo lililoliwa. Na kule bustani ya pili, ambako papai halikutiwa kwa sababu yeye mwenyewe alisema si lazima, vyura walikuwa wanakufa na njaa mbele ya sahani iliyojaa chakula kisicho chao.

Lakini akisema hivyo, chumba kimekwisha. Vyura hawa ndio walaji pekee waliobaki. Mayai kwenye unga wa mbao, wachanga, wa dirishani, wale watulivu, wote wangeondoka apate nafasi simba wa kwenye fulana. Akapata njia ya tatu, si kusema wala kunyamaza, ambayo wengi wetu huipata tukibanwa. Akampigia Dada Usafi.

"Dada, hebu watilie lile papai."

"La nini?"

"La nyenje. Nyenje wako watakuwa wana njaa."

"Mzee, nyenje wangu wazima. Wanaimba. Leo amekufa chura wa pili. Wanaokufa ni vyura."

"Wewe tia tu."

"Siafu wakiingia watanimalizia waliobaki. Na wewe mwenyewe uliniambia si lazima. Nipe sababu, mzee wangu, nitie."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Habari za vifo vya kule zilikuwa zimeshamfikia, amekuja kuulizia, na kwa mazoea tu futi ilikuwa mkononi. Baba Nyenje alimwona. Aligeuka akatazama mlango wa chumba chake, ambao kupitia kwake kri kri ilisikika vizuri, maana ni saa waliyokuwa wakipenda kuimba. Alitamani sana mtu mwingine aongee.

"Vyura hawali nyenje," alisema kwenye simu, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Wanakula papai. Wa kwangu wameishi kwa sababu ya papai, si kwa sababu ya nyenje. Nilikuelekeza vibaya, dada. Nilikosea mimi. Tia papai sasa hivi, lililoiva sana, siafu utapambana nao baadaye."

Ilisikika kelele ya kiti kinasukumwa, kisha miguu inakimbia.

Meneja alingoja mpaka simu ikawekwa. "Chura anakula tunda?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Nyenje naye anamla, akikutana naye njiani. Lakini hamfuati."

"Dunia ina mambo," alisema Meneja. Akatazama futi mkononi mwake, akatazama mlango wa chumba, na kwa mara ya kwanza alionekana anaona haya kidogo. "Basi mzee, kile chumba..."

"Chukua," alisema Baba Nyenje.

Dada Usafi alipiga kesho yake. Alisema "shikamoo", ndipo Baba Nyenje akajua kuna heri. Waliobaki wamekula. Mmoja amekula mpaka amelala juu ya ganda. Siafu wamekuja, amewamwagia maji ya moto mlangoni na sasa anawalinda vyura kwa zamu na mfagiaji. Baba Nyenje alisema vizuri, vizuri sana, akakata simu upesi kwa sababu alikuwa analia. Alilia kwa wale wawili waliokufa na alilia kwa chumba, yote kwa pamoja, na alikuwa na sababu.

Nyenje wakachukuliwa na mtu wa mbali anayefuga ndege. Alikuja na gari dogo, akapakia sanduku baada ya sanduku, akiuliza hili lina nini na hili lina nini, na Baba Nyenje, ambaye zamani angemjibu mpaka jioni, alijibu, "Nyenje." Meneja alikuwa amemwambia anaweza kubaki na sanduku moja kwa ajili ya wale wanaopita njiani mwa chura. Alifikiri sana kuhusu hilo. Mwisho alilibeba hata lile la watulivu, akalipanga mwenyewe nyuma ya gari, mahali pasipopigwa na jua. Yeye akabaki mtu wa vyura, wa kukata papai. Meneja aliniambia analikata vizuri.

Jioni hiyo alipofika langoni, mlinzi alimpungia mkono.

"Haya, Baba Nyenje! Kesho!"

Baba Nyenje alikuwa ameshapita. Akasimama, akarudi.

"Usiniite hivyo tena. Na mke wangu ndiyo kabisa, usimwite."

Mlinzi alidhani ni utani, akaanza kucheka, kisha akauona uso, akaacha. "Samahani, mzee. Sasa nikuite baba nani?"

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza kwa sauti. Mlinzi alikuwa anangoja.

"Mimi si baba wa mtu," alisema. "Hatukupata." Aliposema alishangaa kwamba bado amesimama. "Niite Mume wa Fundi."

"Sawa, mzee," alisema mlinzi taratibu. "Mume wa Fundi. Usiku mwema."

Nyumbani, Fundi alikuwa anabadilisha kola za mwisho mwisho za sare za wauguzi. Mumewe alisimama nje ya mlango, akavua koti, akaligeuza nje ndani, akalikung'uta kama alivyoagizwa tangu siku ile ya kopo. Hakikuanguka kitu.

"Umeshawatoa?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

"Hawapo tena. Wamechukuliwa wote. Ulisema kweli, vyura walikuwa wanakula papai."

Cherehani ikaendelea kidogo, halafu ikasimama. Fundi akageuka.

"Wote? Hata wale watulivu?"

Baba Nyenje alimtazama mkewe. Miaka yote hiyo alikuwa akirudi jioni anasimulia habari za masanduku, Fundi ameinamia mshono, hajibu, hainui kichwa. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Hata wale watulivu," alisema.

Fundi aliziondoa sare zilizokuwa juu ya kiti cha pili, akazipanga mezani, akakivuta kiti karibu na chake.

"Pole," alisema. "Kaa hapa."